Kwa mabwana na mabibi shamba wapya: pakiti ile ina uhai

Karibuni Tanga. Wengi wenu mmenifuata kuniuliza juu ya bakteria wa vinundu (vivimbe vidogo vya mizizini), wale wanaouzwa kwenye pakiti na tunaowapaka kwenye mbegu za soya na maharage ili wavute naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Darasani mmeshafundishwa kwamba hewa ni naitrojeni asilimia 78 na kwamba mmea peke yake hauwezi kuitumia. Mimi nitawaeleza ya shambani.

Kosa langu la kwanza lilimuumiza mkulima. Masika moja nilibeba pakiti kutoka mjini hadi Handeni, nimezifunga nyuma ya pikipiki, jua la saa saba likizipiga. Nilizichukulia kama mbolea ya dukani. Tukapaka mbegu, tukapanda, mvua ikaja vizuri. Wiki ya sita tulipofukua mashina, hapakuwa na kinundu hata kimoja. Yule mama alikuwa ameniamini, hakuweka mbolea nyingine, na soya yake ikabaki na umanjano mpaka kuvuna. Nilimpakia bakteria waliokwisha kufa, na mpaka leo linaniuma.

Tangu hapo nasafirisha alfajiri, pakiti zikiwa ndani ya kikapu kilichofunikwa. Nikifika zinakaa chini, karibu na mtungi wa maji, mbali na joto la bati. Tarehe ya mwisho wa matumizi naisoma dukani kabla ya kutoa pesa.

Kupaka kufanyike kivulini. Mkeka chini ya mwembe unatosha. Koroga sukari kidogo kwenye maji safi, nyunyizia mbegu zilowe kidogo tu, tia unga wa bakteria, kisha zigeuze taratibu mpaka kila punje ishike. Ganda la soya ni jepesi, ukisugua linachubuka. Panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu na ufukie papo hapo. Mbegu iliyokwisha kupakwa dawa ya kuvu msiichanganye na bakteria hawa, dawa nyingi za namna hiyo zinawadhuru.

Neno "vijidudu" linawatisha watu, wanafikiri ni ugonjwa. Mimi huanza na hamira: hamira iliyokufa haiumui unga wa maandazi, hata ukande mpaka usiku. Akina mama wakisikia hilo, wao ndio wanaoniuliza pakiti ililala wapi.

Na si kila zao linahitaji pakiti. Soya ni mgeni kwetu, na mashamba mengi hayana bakteria wanaomfaa. Kunde na choroko, aghalabu, hukuta wenyeji wao ardhini. Kwa hiyo ukimfikia mkulima wa kunde Muheza, fukua kwanza mashina matano uangalie mizizi. Kama vinundu vipo na vinafanya kazi, kumuuzia pakiti ni kumlia pesa yake.

Fukueni kwa jembe, msivute kwa mkono, kwani vinundu hubaki udongoni. Osha mizizi kwenye ndoo, kisha pasua kinundu kwa wembe. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, kazi inafanyika. Kikiwa cheupe au cha kijivu wakati mmea unakaribia kutoa maua, hakuna kinachoendelea. Hapa wageni wengi hukosea: minyoo fundo nao huvimbisha mizizi, hasa kwenye mashamba ya mchanga yaliyowahi kupandwa nyanya au bamia. Kinundu kimeshikizwa ubavuni mwa mzizi na hubanduka kwa ukucha. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe umevimba, haubanduki. Nimewahi kumwona mtu akimpongeza mkulima kwa ugonjwa.

Bakteria hawa wanahitaji fosfati. Mbolea ya Minjingu, yenye fosfati na itokayo Manyara, inafaa kwenye udongo wenye tindikali kama ulivyo mahali pengi Lushoto. Pwani kwenye udongo wa matumbawe huyeyuka polepole mno. Urea nyingi wakati wa kupanda msiiweke, mmea ukishiba naitrojeni hautengenezi vinundu.

Kila shamba acheni mistari miwili isiyopakwa, mpate kulinganisha. Na mkikuta vinundu vyeupe wiki ya sita, mwambieni mkulima siku hiyohiyo, kabla mvua hazijakatika, apate muda wa kutia mbolea ya naitrojeni na kuokoa mavuno.