Jaketi la boda lenye pedi: niwaulize nini madereva?

SWALI: Habari injinia. Mi ni fundi cherehani hapa Katwe, Kampala, nataka kushona jaketi la boda lenye pedi za mgongo, mabega na viwiko, mwenzangu anasema tuweke na ile eabegi ya kamba. Nitajuaje madereva wanahitaji nini hasa?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hongera kwa kuuliza kabla hujakata kitambaa. Usianze na karatasi ya maswali, maana ukimuuliza dereva kama anataka jaketi la usalama atasema ndiyo, nani atakataa, halafu kesho unamkuta kalikunja kalikalia. Nenda steji, shinda nao, andika kila anapolivua, saa ngapi na kwa nini. Nilishawahi kushika helmeti ya kijana mmoja steji, sponji ya ndani nzima kabisa ila kifungo cha kidevuni kilishavunjika, kamba kaipiga fundo na fundo lenyewe gumu kufungua kila akishuka, basi siku hizi anavaa kamba inaning'inia tu. Hiyo inachomoka kichwani kabla kichwa hakijagusa lami! Shida ni kifungo, na yeye mwenyewe ukimuuliza hakitaji.

Eabegi ya kamba, yaani mfuko wa hewa unaokaa kwenye jaketi, kamba yake inafungwa kwenye pikipiki, ukirushwa kamba inachomoa pini na mtungi mdogo wa gesi unaijaza. Kwa msafiri wa mbali nzuri sana, lakini boda anapanda na kushuka kutwa nzima, akisahau kuichomoa akaruka haraka imejaa bure na mtungi ni wa kununua mwingine, tena nyuma kuna abiria kamkumbatia. Mi ningeanza na pedi.

Tafuta zenye alama ya kiwango cha Ulaya, EN 1621-1 kwa mabega na viwiko, EN 1621-2 kwa mgongo. Wapimaji wanaiangushia pedi uzito wa kilo 5 toka kama mita 1 wanapima nguvu inayopenya, ya mgongo wastani usizidi kilonyutoni (kipimo cha nguvu) 18 daraja la 1, au 9 daraja la 2, yaani la 2 linakinga zaidi. Kuna na jaribio la hiari la joto la digrii 40, muulize muuzaji kama imepita, kwa jua letu hili. Sponji ya godoro tafadhali usiweke, inabonyea yote na mfupa unapigwa vilevile.

Miguu nayo inaumia sana kwenye ajali za pikipiki na jaketi haifiki huko, kwa hiyo waulizie pia pedi za magoti.

Ukishashona sampuli wape madereva wachache wiki mbili halafu urudi ukague mifuko ya pedi. Ukikuta pedi imetolewa usimlaumu, mwambie akuonyeshe ilikuwa inambana wapi, hapo ndo unakata upya.