Namba mbili huombwa: barua kwa Zuhura

Mwanangu Zuhura,

Salamu kwanza, na pole nyingi kwa shogayo. Ujumbe wako ulikuwa mrefu, ila swali lilikuwa moja: katika uchaguzi wa madiwani wa 2024 hapa Ireland, kwenye eneo lenye viti sita, shogayo alikuwa wa tano kwenye hesabu ya kwanza, akalala Jumamosi akijiona diwani, na Jumapili usiku kiti kikaenda kwa mtu aliyeanza nafasi ya nane. Unaniuliza kama ameibiwa.

Hakuibiwa. Hilo limekwisha. Ninalotaka kukuuliza mimi ni jingine: Mei nzima mlipokuwa mkigonga milango ya watu, mliwaomba namba ngapi?

Maana nimekusoma mara mbili, na kila mahali unasema "alipata kura kadhaa, yule alipata kura kadhaa," kama vile tuko Mombasa tunachagua mwakilishi wadi, ambako anayetangulia hata kwa kura moja amebeba wadi nzima na wengine warudi nyumbani. Ireland sivyo, na wewe umekulia hapa. Hapa mpiga kura anawaandikia wagombea namba kwa kadiri anavyowapenda: moja, mbili, tatu na kuendelea. Ile hesabu ya kwanza inahesabu namba moja tu, ni mwanzo wa mazungumzo. Kura halali zikiwa 9,000 na viti vitano, unagawanya kwa sita unaongeza moja, basi kota, yaani kura za kukuhakikishia kiti, ni 1,501. Anayeipita, ziada yake inahamia kwa wengine kadiri watu walivyoandika namba zinazofuata. Aliye mkiani anatolewa, na karatasi zake zote zinafunguliwa tena kuonekana namba mbili ni nani, na kama namba mbili keshatoka au keshapita, namba tatu ni nani. Hivyo hivyo, hesabu baada ya hesabu, mpaka viti vijae. Wa mwisho kuingia mara nyingi hata kota haifikishi. Anaingia kwa kuwa amebaki amesimama.

Kwa hiyo wa tano kwenye hesabu ya kwanza ni mtu mwenye wapenzi wengi. Wapenzi pekee hawatoshi. Nimekwambia tangu hujaanza sekondari: namba mbili huombwa, na huombwa kwa adabu, kwa mtu ambaye unajua fika namba moja hakupi.

Niliijua hiyo mwaka 2009, na bado inaniuma, basi nivumilie nikusimulie ule upande ambao hukuuona, maana ulikuwa umelala juu ya makoti yetu kwenye viti vya nyuma ya ukumbi.

Babako aliamua kugombea baada ya kumwona Rotimi Adebari, Mnigeria aliyefika nchi hii mwaka 2000 akiomba hifadhi, akachaguliwa baraza la mji wa Portlaoise 2004, na 2007 akawa meya. Babako alikuwa hajapata uraia bado. Hapa uchaguzi wa madiwani hauulizi pasipoti. Ukiwa mkazi na umetimiza miaka 18 unapiga kura, na kugombea unaweza. Mtu mzima amekaa nchi ya watu, analipa kodi, mara anaambiwa jina lako na picha yako vitakuwa kwenye karatasi pamoja na wenyeji. Nilimpigia pasi mashati yote aliyokuwa nayo.

Kwa teksi yake alikuwa anajua kila mtaa na kila mama mzee anayekwenda kliniki. Milango ilifunguka. Isipokuwa ile njia ya nyuma ya kanisa. Unajua kisa cha Athman na timu ya watoto, sina haja ya kukirudia, na unajua aliyemwacha nje kijana wetu bila neno la maelezo alikuwa anakaa njia ile, yeye na ndugu zake nyumba kwa nyumba. Babako alisema mlango ule hagongi. Nikamwambia, wale wana binamu yao anayegombea, namba moja yao ishakwenda, lakini mbili je? Akasema: "Sili makombo ya mtu." Namsikia mpaka leo.

Nilikwenda peke yangu jioni moja nikitoka zamu, na sare yangu ya kazi, mvua ya Mei ile isiyojua kama ni mvua au ukungu. Yule bwana akafungua mwenyewe. Nikajitaja, nikasema moja yako ina mwenyewe, nimekuja kuomba mbili. Alininyamazia muda. Kisha akasema kila mwaka watu wanamgongea kuomba moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kuomba mbili. Akaniuliza Athman anaendeleaje. Akanipa mkono. Zuhura, nilirudi nyumbani nikitembea barabara ile kama bibi harusi. Milango mingine ya njia ile sikuigonga. Usiku ulikuwa umeingia na babako alikuwa akisubiri chakula.

Siku ya kuhesabu nilisimama kwenye uzio na wale wa vyama, penseli mkononi, wanaangalia kila karatasi inavyokunjuliwa na kuandika nani kapata nini, hata kabla msimamizi hajatangaza wao washajua. Ndiyo maana nilifurahi serikali ilipoachana na zile mashine za kupigia kura, zaidi ya milioni hamsini za yuro zilizozama, zikajaribiwa maeneo machache 2002, zikakaa ghalani miaka na mwisho zikauzwa kama chuma chakavu. Pesa zilizopotea ni za watu na inauma. Lakini mimi nataka kura nizione zikihama kwa mikono ya watu.

Nikaziona. Binamu wa njia ile alipotolewa, karatasi zake zikaanza kugawiwa kwenye vijisanduku. Karatasi ya yule bwana sikuijua ni ipi, hakuna awezaye kujua. Niliona tu cha babako kinajaa. Alikuwa wa saba, akapanda wa sita, akapanda wa tano, na viti vilikuwa vitano. Nilimshika mkono. Kisha akatolewa mgombea wa pili wa chama kimoja kikubwa, na wapiga kura wake, watu waliofundishwa kuandika moja na mbili ndani ya chama, wakamsukuma mwenzake juu. Babako akakosa kwa kura 11. Saa saba usiku. Akaenda kumpa mkono aliyemshinda, akakuinua wewe na makoti, tukaondoka.

Kura 11, mwanangu, na njia ile ina nyumba ngapi?

Sasa utasema, mama anamlaumu baba. Nami najijibu mwenyewe kila mara: namba mbili ya kuahidiwa mlangoni si namba mbili iliyoandikwa. Labda wangenipa mikono wote na wakaandika wengine. Labda wasingefungua kabisa. Na kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Mfumo huu ukikufundisha kutafuta ya pili kwa kila mtu, unaweza pia kukufundisha kutosema kitu. Nimewaona madiwani wa miaka mingi ambao hawajawahi kutamka neno lililomkera mtu, wanahudhuria kila mazishi, na ukiwauliza juu ya nyumba za baraza wanakwambia suala hilo ni gumu. Hao namba tatu na nne zinawamiminikia. Shogayo alisimama mkutanoni akasema nyumba zijengwe pale pale, mbele ya watu waliokuja kuzikataa. Alikuwa na haki. Kwa kusema vile alipata wapenzi wake, na kwa kusema vile ndipo namba zikamkauka. Nikisema alikosea nitakuwa mwongo, na nikisema hakulipa gharama yake nitakuwa mwongo pia.

Lakini sitaki usikie kwamba mfumo ni mbaya. Watu wa hapa wamejaribiwa wauache mara mbili. 1959 waziri mkuu de Valera aliwapelekea kura ya maoni siku moja na uchaguzi wa rais, yeye mwenyewe akigombea. Wakampa urais, wakamkatalia mabadiliko yake, siku hiyo hiyo. Nikiisoma habari hiyo moyo wangu hufurahi. 1968 wakaulizwa tena, wakakataa kwa kishindo zaidi. Na angalia uchaguzi wa 2024: viti 949 nchi nzima, Fianna Fáil 248, Fine Gael 245, nusu na kidogo tu kwa vyama viwili vilivyotawala tangu bibi zao. Vilivyobaki wamegawana vyama vingine na wagombea huru, watu wanaojulikana kwa majina na magari yao. Kwetu Mombasa wengi wa hao wasingeingia hata mlangoni.

Kuhusu kuomba karatasi zihesabiwe upya, mlikuwa na haki ya kuomba pale pale ukumbini kabla ya kutangazwa. Tofauti ikiwa ni mia na zaidi kama ulivyoandika, msingepata kitu. Hata kwa kura 11 babako hakuomba, na hilo nalo nina maoni yangu.

Fanya hivi. Mwambie shogayo azitafute zile karatasi za hesabu za watu wa uzio, sanduku kwa sanduku, na asitazame alikopata kura. Atazame namba zilikomruka: mtaa gani ulitoa mgombea, kura zikapita mbele ya jina lake kwenda kwa mwingine. Mitaa hiyo ndiyo yenu kuanzia sasa, si 2029 mwezi wa nne. Namba mbili huombwa, na huombwa mapema.

Na kuhusu lile swali la mwisho uliloandika chini kabisa, kama kiburi cha babako ndicho kilichomkosesha: ninalo jibu, liko ulimini, na nimelikalia tangu 2009 kwa sababu yeye hajaniuliza. Mpigie simu yeye. Jumapili baada ya adhuhuri anakuwa ametulia. Usimwambie kwamba nilikwenda njia ya nyuma ya kanisa. Hilo nitamwambia mwenyewe.

Mamako