Kabla ya kuandika "roho", tafuta kidaka

Nikiletewa shairi la safari ya kiroho nilisome, mara nyingi huwa najua yatakayokuwamo kabla sijalifungua: nuru, giza, pazia, njia ndefu, bahari isiyo na ufuo. Mizani, yaani hesabu ya silabi, imetimia, vina vimekaa sawa, lakini ukimaliza hukumbuki hata ubeti mmoja. Si kwamba mtunzi hana imani, anayo tele. Roho haina umbo, naye ameieleza kwa maneno ambayo nayo hayana umbo.

Watunzi wa namna hiyo nawapeleka kwenye Al-Inkishafi, shairi la kale la Kiswahili, na nawasihi wasome polepole. Mtunzi wake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anaukemea moyo wake uache kughurika na dunia. Hiyo ni hotuba iliyokwisha kutolewa na kila mhubiri. Ila tazama ushahidi anautoa wapi: kwenye majumba ya Pate, mji wa kale katika visiwa vya Lamu, yaliyobaki mahame. Vile vidaka vya ukutani vilivyokuwa vikipangwa sahani, sasa wamelala makinda ya ndege. Juu wananing'inia watoto wa popo, na ndani mende wanavuma. Ukishakiona kidaka kile, nani akueleze tena kwamba mali hupita? Basi nawe tafuta chako. Kiwe kitu ulichokishika kwa mkono au kukitazama kwa karibu, na ukiandike kwanza. Roho itakuja yenyewe, na isipokuja, afadhali ubeti wa sahani kuliko ubeti wa ukungu.

Historia ina mtego mwingine. Kuna wanaoogopa kukosea hadi utenzi, yaani shairi refu la kusimulia, unakuwa orodha ya miaka. Mwengo bin Athumani hakuogopa. Katika Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 alisimulia vita vikubwa kati ya Waislamu na majeshi ya Herakli, mfalme wa Bizanti, ilhali msafara wa Tabuk (ndiyo Tambuka yenyewe) wa mwaka 630 ulimalizika bila mapigano. Mimi simlaumu hata kidogo. Ninachofanya ni kusoma habari yenyewe hadi nijue ni wapi hasa naiacha, kisha naiacha bila kuomba radhi.

Kwenye visakale, yaani hadithi za mashujaa wa kale, ndiko watu hujiachia zaidi, shujaa akawa mrefu kama mnazi na kila anachogusa kikavunjika. Lakini katika utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani, alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, kinachomtoa shujaa kifungoni ni tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi wanakula vyakula vizuri, mkate wa makapi wanauacha umfikie. Jitu lile linaokolewa na ulafi wa walinzi! Na mwishoni linauawa kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa mkono wa mwanawe. Ukubwa wa Liyongo tunauamini kwa sababu ya vitu vidogo vinavyomzunguka, kwa hiyo ukimpa shujaa wako nguvu za ajabu, mpe pia mkate.

Neno kuhusu umbo, maana huku ndiko kazi nyingi hukwama. Utenzi wa kawaida una mishororo minne ya mizani nane, mitatu ya kwanza ikigawana kina, wa nne ukibeba kina cha bahari kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kichague kwa makini. Kina cha "-wa" kinavutia kwa kuwa vitenzi vya kutendwa ni vingi mno, lakini beti zikisonga utajikuta kila mtu anapigwa, anachukuliwa, anazikwa, na hakuna anayetenda lolote. Mimi hupenda "-ni" au "-ri". Kabla sijaanza, najaza ukurasa mzima wa maneno yanayoishia hivyo, na yakiwa machache nabadilisha kina mapema. Halafu hesabu mizani kwa kusoma kwa sauti, si kwa macho: "mtu" ni mizani mbili, "mwana" nayo ni mbili, na hapo ndipo wengi hupoteza moja bila kujua.