Diski inayogonga, izime kwanza

Ndugu, umeuliza utaokoaje mafaili kwenye diski kuu (hard disk) inayogonga. Huo mlio wa tik-tik unaousikia ukiiwasha mara nyingi ni kichwa cha kusomea kinachohangaika. Izime sasa hivi. Kila ukiiwasha kinaweza kukwaruza sahani za ndani zinazobeba data, na kilichokwaruzwa hakirudi. Hapo ni kazi ya fundi mwenye chumba kisicho na vumbi. Usiifungue mwenyewe, na hayo mambo ya kuiweka kwenye friji achana nayo, unyevu utaimaliza.

Ingekuwa haigongi, ila kompyuta inakataa tu kuisoma, ningekwambia uinakili yote kwa ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu) kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha, kisha utafute mafaili kwenye nakala kwa PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyopotea. Windows ikikuuliza kama uifomati, kataa.