Jibu: Kurudi hoteli ileile Franschhoek, inalipa?
Mkuu, umeuliza urudi hoteli ileile ya Franschhoek, ule mji wa mashamba ya mvinyo Afrika Kusini, au ujaribu kwingine. Rudi tu. Sisi tumerudi na waifu Julai hii, vyumba vichache kwahiyo wahudumu wanakukumbuka, tumefika tu tukakuta kuni zimeshapangwa kwenye meko na dada wa mapokezi anamuuliza waifu kama bado hanywi kahawa, aisee! Brekfasti ndo imeshuka kidogo, mayai yalikuja yamepoa. Julai ni mvua na baridi ila bei iko chini, ukitaka kuona mavuno ya zabibu nenda Februari au Machi. Gari liache hotelini kisha upande Wine Tram, ile tramu ya watalii, ikuzungushe mashamba ya mvinyo, maana kuonja mvinyo halafu ushike usukani kwenye zile kona za mlimani ni kujitafutia balaa.