Pensheni ya wazee wote au ruzuku ya kaya maskini pekee?

Mkuu, umeuliza kwa nini Zanzibar imlipe kila mzee aliyefika miaka 70, hata mwenye nyumba za kupangisha, badala ya kuchuja maskini na kuwapa wao tu. Mama yangu yuko Unguja, anapokea malipo hayo, yaitwayo Pensheni Jamii. Shangazi yuko upande wa Tanga, ni mlengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaotoa ruzuku kwa kaya maskini. Nitajibu kwa ninayoyaona kwao.

Mama hakuulizwa ana kuku wangapi wala paa lake ni la bati au makuti. Umri, kitambulisho, sheha (kiongozi wa serikali wa eneo lake) akathibitisha, basi. Mpango huo ulianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapanda hadi 50,000. Mwalimu mstaafu na muuza samaki wanapokea sawa, hakuna anayeona haya kuonekana pale wanapolipwa. Hela si nyingi, lakini mama ananunua dawa zake za presha bila kumsubiri mtoto yeyote, na mjukuu akikosa daftari anamkimbilia bibi. Mzee anayeombwa ndani ya nyumba hasemeshwi kama mzee anayeomba. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

TASAF (ambayo iko Unguja na Pemba pia) inakwenda njia nyingine. Mkutano wa kijiji unataja kaya duni, kisha linajazwa dodoso la hali ya kaya na majibu yanapimwa. Shangazi imemsaidia sana. Malipo yake yamefungamanishwa na watoto kuhudhuria shule na wadogo kupelekwa kliniki, na kwa kudunduliza amepata mbuzi. Lakini kijijini ambako hali zinakaribiana, mstari wowote utakaochora utawaacha nje watu wasio na tofauti na walio ndani. Wanachota maji kisima kimoja na kila mmoja anajua mwenzake anapata nini.

Kenya nao walianza kwa kuchuja wazee maskini wa miaka 65. Mwaka 2018 wakafungua kwa wote wa miaka 70 wasio na pensheni nyingine, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Ujerumani inalipa fedha ya watoto kwa familia za vipato vyote, mwaka 2025 ilikuwa yuro 255 kwa mtoto kwa mwezi. Tajiri afuatwe kwenye kodi, kwangu hiyo ndiyo njia ya haki. Brazili, kwa Bolsa Família, ruzuku yao ya kaya maskini iliyoanza 2003, bado wanaangalia kipato, ila wana daftari moja kubwa la taifa linalohuishwa na manispaa.

Pengo la Pensheni Jamii ni kwa mjane kijana mwenye watoto watatu na asiye na mzee nyumbani. Kwake haifiki, ndiyo maana sitaki TASAF iondolewe. Ningeulizwa mimi, ningeongeza fedha ya watoto wote walio chini ya miaka miwili, ilipwe kwa kadi ya kliniki, maana kadi hiyo akina mama wengi wanayo tayari.