Maswali yenu ya sabuni: wekeni kikombe chini, chukueni mizani

Nina kilo mbili za mawese. Niweke vikombe vingapi vya soda kostiki? (Mama wa Kadutu)

Mama, swali la vikombe linarudi kila mara na jibu halibadiliki: soda hupimwa kwa mizani. Kikombe cha soda ya vipande bapa na kikombe cha soda ya punje havina uzito mmoja. Ikipungua mno, sabuni inabaki na mafuta mengi. Ikizidi, inachubua ngozi ya mtoto unayemwogesha. Kilo 1 ya mawese hula gramu 142 hivi za soda. Weka 135, mafuta kidogo yabaki. Kwa kilo zako 2 ni gramu 270, na maji gramu 650. Usihamishie hesabu hiyo kwenye mafuta ya nazi. Hayo hula karibu 183 kwa kilo. Mizani ikikushinda bei, changeni watu watatu.

Maji juu ya soda, au soda juu ya maji?

Soda ndani ya maji, kidogo kidogo, nje ya nyumba. Ukigeuza, huchemka ghafla na kukurukia usoni.

Sufuria ya alumini inafaa?

Hapana. Soda huitafuna, na hewa inayotoka ni haidrojeni, inayoshika moto. Na wengi wenu mnakorogea kando ya mbabula, jiko la makaa! Tumia ndoo nene ya plastiki au chuma cha pua.

Ikinirukia mkononi nipake ndimu?

Usipake ndimu wala siki. Vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi dakika 20 au zaidi. Jicho vilevile, kisha hospitali upesi. Bomba zetu hapa Bukavu hukauka bila kuaga, basi bidoni ya lita 20 iwe imejaa kabla hujafungua mfuko wa soda. Glavu na miwani uvae kila mara.

Hamjaniuliza hili, lakini nalisema: maji ya soda yasitiwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya jusi. Yakipoa yanang'aa kama maji safi, na mtoto mwenye kiu hatofautishi. Funda moja linaweza kumuunguza umio ashindwe kumeza chakula kwa miaka. Akinywa, usimtapishe, ikipanda inaunguza tena. Kimbilia hospitali. Koroga maji ya soda ya siku hiyo tu, uyamalize.

Maji ya ziwa je?

Ziwa Kivu lina magnesiamu nyingi, nayo huharibu sabuni. Kinga maji ya mvua.

Imeganda siku ya pili. Niuze?

Bado, hata kama unadaiwa mawese. Ikate, ipange penye hewa wiki 4 au zaidi. Ukikuta ndani vishimo vyenye majimaji, hiyo ni soda isiyoungana na mafuta: usiuze, wala usimpe jirani.